Jino likikatika sio lazima ling'olewe

Huku kwetu Mtwara jino likisumbua watu wengi tunajua njia moja tu, koleo. Mtu anaumwa wee, anabana karafuu, mwingine anaweka tumbaku, mwingine anasukutua maji ya chumvi mpaka ulimi unachubuka, ikishindikana ndo anaenda hospitali, anakaa kwenye kiti anafungua mdomo na kabla hajaulizwa chochote anasema "dokta we ng'oa tu". Na dokta akiangalia foleni ilivyofika mpaka nje, kweli anang'oa. Kesho yake mtu yuko kazini na pengo lake na maisha yanaendelea.

Sasa naandika hii kwa sababu tangu mdogo wangu azibwe jino lake la mbele, watu wanapita dukani kwangu hawanunui hata vocha, wamekuja kumwangalia mdomo tu, na wote swali lao moja, eti lile ni jino la bandia? Jamani sio la bandia. Ni lake lilelile alilozaliwa nalo, limejengewa tu pale palipokatika, na ukiambiwa uonyeshe ni wapi palijengewa hupaoni.

Yeye ni bodaboda. Alikuwa anarudi usiku kutoka Mikindani, kufika kwenye kona akakuta mchanga umemwagika barabarani, pikipiki ikaenda huku na yeye kule. Helmeti alivaa, ila si mnazijua helmeti zao zile, zinalinda utosi tu, uso unajitegemea. Mdomo ukavimba siku kadhaa, uvimbe uliposhuka ndo tukaona jino la juu la mbele limekatika mshazari, kona nzima haipo. Kuanzia hapo akawa anaongea kaweka mkono mdomoni. Kijana alikuwa anapiga stori na abiria kuanzia stendi mpaka Shangani, sasa anaulizwa bei anajibu kwa vidole.

Mama mkubwa akatushukia kutoka Newala kuja kumwona mgonjwa. Kamwangalia, kacheka. "Mwanangu, bibi yenu alichongwa meno yote ya mbele na patasi, ndo uzuri wenyewe huo, na kipande cha mti cha ndonya kwenye mdomo wa juu, na katafuna ming'oko mpaka anakufa. We kakatika kikona tu unajifunika kama bi harusi?" Alafu akageuka serious, akashauri jino ling'olewe liwekwe la dhahabu. Mama mkubwa kwa dhahabu hajambo.

Tulianza sehemu moja, siitaji, tukaambiwa hapa tunang'oa tu, kuziba mashine mbovu. Hilo sio la ajabu, vifaa vya kuziba ni vingi kuliko koleo na vinaharibika. Kilichoniudhi ni kwamba yule aliyetupokea alitaka kung'oa palepale, jino zima, halitikisiki, haliumi, limepungua kona tu! Nikamshika mkono mdogo wangu tukaondoka. Ndugu yangu unayesoma, ukiambiwa "hapa hatuna vifaa vya kuziba" hiyo haina maana kwamba jino lako halizibiki, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kule tulikoenda baadae dokta alikuwa mdada kijana, mpole ila hana utani na kazi. Kwanza hakugusa mashine. Akagongagonga jino na mpini wa kifaa, akaligusa na kipamba cha baridi kali akamwambia dogo anyooshe mkono akihisi, akapiga eksirei. Alikuwa anaangalia vitu viwili, mshipa wa ndani uko hai au umekufa, na mzizi umepasuka au mzima. Maana jino likipigwa kwa nguvu linaweza kuonekana zima kwa nje kumbe ndani limeshajifia, ukiziba juu juu baada ya miezi linageuka rangi ya kijivu na jipu juu. La dogo lilikuwa hai, mzizi salama.

Hapo ndo akatoa kibao chenye vijino vimepangwa, kila kimoja na rangi yake, A, B, C na D na namba zake, kumi na sita jumla. A zinaelekea wekundu wa kahawia, B manjano, C kijivu, na D kijivu chenye wekundu kidogo. Akamsogeza dirishani kwenye mwanga wa jua, akasema hii lazima ifanyike mwanzo kabisa jino likiwa bado lina mate, kwa sababu jino likikauka linakuwa jeupe kuliko kawaida yake, ukichagua rangi muda huo kesho utakuta ziba ni nyeupe na meno mengine yamerudi kwenye rangi yake. Dogo akanyooshea kidole kile cheupe kuliko vyote. Dokta akamkatalia. "Kaka yangu, nikikuwekea hicho watu wataliona jino kabla hawajakuona wewe." Akachagua A3, nikakiweka kijino karibu na meno yake nikaona kweli, ndo hiyohiyo.

Sasa hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo maana nilisimama pembeni nikaona kila kitu, na mi nikiona kitu siachi kuuliza.

Hakuchomwa hata sindano ya ganzi, kwa sababu mkato haukufika kwenye mshipa. Dokta alipitisha mashine kidogo tu kwenye ukingo wa palipokatika, kuulaza ule ukingo usiwe mkali. Akaweka pamba pande zote na kamrija ka kunyonya mate, alafu akapaka jeli ya bluu kutoka kwenye sindano isiyo na ncha. Hiyo ni asidi ya fosforiki, asilimia 37 hivi. Nikashtuka, asidi mdomoni? Akasema inakaa sekunde chache, kumi na tano mpaka thelathini, inaoshwa kwa maji mengi. Alipoosha na kukausha kwa upepo nikaona ukingo wa jino umefifia, mweupe usio na ng'aro, kama umepakwa chaki. Kumbe asidi imetoboa vitundu vidogo sana kwenye ganda gumu la nje la jino, vya kuonekana kwa hadubini tu. Juu yake anapaka gundi nyepesi ya maji maji, inazama kwenye vile vitundu, inamulikwa inaganda humo ndani. Ndo maana ziba ya kisasa inashika hata pasipo na shimo la kuishikilia.

Wazo hilo alikuja nalo dokta mmoja wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka 1955, na alilitoa viwandani, kwamba chuma kinapitishiwa asidi kwanza ndo rangi ishike. Fundi rangi yoyote wa magari pale gereji anakuelewa ukimwambia, bodi haipigwi rangi bila kupigwa msasa. Baadae mwingine wa hukohuko, Rafael Bowen, akasajili mwaka 1962 utomvu wa plastiki ambao mpaka leo ndo msingi wa ziba nyingi hizi nyeupe. Yani unaowekewa mdomoni ni utomvu huo uliochanganywa na unga laini wa kioo, na unga ndo mwingi, kwa uzito ni kama robo tatu ya mzigo wote. Unga ndo unaoipa ugumu, utomvu unashikamanisha. Wenyewe wanaiita kompositi.

Dokta aliitoa kwenye kibomba, laini unaiminya kama unavyotaka. Nyuma ya jino akaweka kakaratasi ka nailoni kanakopitisha mwanga, ili ziba isigande na jino la jirani, akapaka tabaka la kwanza, akalisawazisha na kifaa chembamba, akawasha taa. Taa ya bluu hiyo, ina chaji yake kama simu, inalia piii ikimaliza muda. Yeye ana kioo cha rangi ya chungwa mbele ya macho, na akaniambia dada geuka pembeni usiangalie, itakuumiza macho. Ikimulikwa sekunde ishirini hivi inakuwa ngumu hapohapo. Alafu tabaka lingine, taa tena. Tabaka halitakiwi kuzidi milimita 2 hivi kwa kompositi za kawaida, kwa sababu mwanga haufiki chini vizuri, na sababu nyingine ni kwamba ikiganda inasinyaa kidogo, ukijaza yote kwa mkupuo inavuta pembeni na kuacha kaufa ka nywele kati ya ziba na jino, humo humo ndo uozo unarudi. Kwa hiyo ukiona dokta anapaka kidogo kidogo usinung'unike anachelewa. Ukiona amejaza lote kwa tonge moja na kumulika mara moja, muulize. Zipo aina zilizotengenezwa kujazwa nene, mpaka milimita 4, ila ndo uulize.

Mwisho akamwambia auume karatasi ya bluu yenye wino, palipopakaa sana anapunguza. Kisha akasugua na vijiwe laini na virabaa mpaka ikang'aa. Dogo akapewa kioo. Hakusema kitu, akatoa simu akajipiga selfi akaweka status hapohapo kwenye kiti.

Mi mwenyewe nikaona isiwe tabu, nina gego la chini lina tundu muda mrefu, maji ya baridi yakipita naruka. Nikarudi siku nyingine kwa ajili yangu. Hilo lilikuwa tofauti, ganzi ilichomwa, mdomo ukawa mzito nusu, na mashine ya kutoboa ina ule mlio wake, msiniambie mmeuzoea. Tundu lililoonekana kadogo kwa juu, ndani lilikuwa pango. Uozo ukipita ganda la nje unakuta sehemu laini zaidi, unatanuka chini kwa chini. Na wala hakuna mdudu humo, samahanini wazee wangu, wale waganga wanaofukiza moshi wakakutolea funza kwenye jino, funza wamekuja nao wenyewe. Ni bakteria wanakula sukari uliyoila wanatoa asidi, asidi inayeyusha jino. Na kinachoua zaidi ni kula vitamu mara kwa mara kuliko wingi wake, kikombe cha chai ya sukari unachonywa kidogo kidogo kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri dukani, hiyo ni mimi naongelewa, kinafanya meno yakae kwenye asidi muda wote huo.

Baada ya kuziba gego liliuma kidogo siku za mwanzo nikitafuna, dokta alishanionya. Alisema nikihisi jino hilo linawahi kugusana kabla ya mengine nirudi apunguze, nisijifanye nitazoea. Ni kweli, ziba ikiwa juu kwa unene wa karatasi tu, gego zima linauma.

Sasa kuna kitu nilikuja kukijua nikabaki nashangaa kwa nini hatujisifii. Kuna aina nyingine ya ziba ya rangi inayokaribia ya jino, inaitwa glasi ayonoma, ilitengenezwa Uingereza miaka ya mwisho ya 1960. Haihitaji taa, inaganda yenyewe, inashikana na jino bila ile gundi, na inatoa floraidi, ile inayowekwa kwenye dawa ya mswaki, kidogo kidogo ndani ya mdomo. Haing'ai sana na haistahimili kusagwa kama kompositi. Basi katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ndo ilipoanzia njia ya kuziba meno bila umeme kabisa. Dokta anakwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, vijiko vidogo vidogo, mara nyingi hata bila ganzi, anajaza, anakandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini. Walipoanza walitumia saruji nyingine ya meno, baadae ndo ikawa glasi ayonoma. Njia hiyo kwa kifupi inaitwa ART, kwa herufi zake za Kiingereza, na Shirika la Afya Duniani liliitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, ikaenda nchi kibao. Imeanzia kwetu! Alafu mtoto wa Nanyamba au Kitaya anang'olewa gego la kudumu kwa sababu eti hakuna umeme wa mashine. Hapo mi nashindwa kuelewa.

Kwa meno ya watoto na matundu yasiyo makubwa ni nzuri sana, mzazi uliza hiyo. Kwa jino la mbele la kijana anayetaka kucheka, kompositi. Kwa gego lenye pango kubwa linalofanya kazi nzito, hapo sikiliza dokta, wakati mwingine atakuambia lifunikwe kofia kabisa, ziba peke yake haitoshi.

Na ile nyeusi ya zamani? Ile inaitwa amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, zebaki ileile wachimbaji wadogo wanayonasia dhahabu, iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Sio ziba mbaya kwa kazi, tena ile ilikuwa haijali mate sana na inadumu. Tatizo kubwa ni zebaki kuingia kwenye mazingira, ndo maana kuna Mkataba wa Minamata uliopitishwa 2013 ukaanza kazi 2017, na sisi tumo, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe na hii ya meno ikiwemo. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakaharibika mishipa ya fahamu. Sisi watu wa pwani tunaokula samaki kila siku hilo tulielewe haraka kuliko wengine. Ila kama unayo mdomoni na ni nzima, haijapasuka, usikimbilie kwenda kuitoa, kuichokonoa ndo kunatoa mvuke wa zebaki mwingi kuliko ikikaa imetulia. Hili nimerudia kumwambia mama mkubwa kwenye simu mpaka sauti imekauka, anayo moja nyeusi gego la nyuma tangu miaka ya sabini na anataka "ile kama ya mwanangu", wakati hakuna anayeliona hilo gego isipokuwa akipiga miayo.

Nyeupe nayo ina tabia zake. Haipendi maji wakati wa kuwekwa, mate yakiingia kabla haijaganda imeharibika, kwa hiyo ukikohoa kohoa na kufunga mdomo kila dakika unajiharibia mwenyewe. Inashika rangi, chai ya rangi, kahawa, sigara na mchuzi wa binzari nyingi vinaitia manjano polepole. Haidumu milele, ukiitunza vizuri miaka kama saba, kumi, wengine zaidi, wengine pungufu, na ikichoka inarekebishwa. Na ya jino la mbele usifungulie soda, dogo ameambiwa hilo mbele yangu, nikamwona anaangalia chini.

Alafu kuna wakati kuziba kumeshapitwa. Kama jino linakuamsha usiku lenyewe bila kuguswa, au ukinywa kitu cha moto linauma na maumivu yanabaki muda mrefu baada ya kumeza, au umetoka kipele cha usaha kwenye fizi, hapo uozo umefika kwenye mshipa. Ukizibiwa juu tu umefungiwa moto ndani. Hapo ni matibabu ya mzizi, wanasafisha mpaka ndani ya mizizi alafu ndo wanaziba, au ndo kweli ling'olewe. Maumivu ya baridi yanayokuja na kuondoka sekunde hiyohiyo, hapo bado una muda, na muda huo ndo bei iko chini.

Bei sitaji, kila sehemu na yake. Kung'oa ni rahisi kuliko kuziba na ziba nyeupe ndo juu, hilo mjue. Ila pigeni hesabu nzima, pengo nalo lina gharama, meno ya jirani yanalalia kwenye nafasi na la juu linashuka, ukitaka la bandia baadae unalipa zaidi ya ziba. Hospitali za rufaa za mkoa, Ligula hapa na Sokoine kule Lindi, zina vitengo vya meno, na kliniki binafsi zipo mjini. Kwa mtu wa Tandahimba au Nanyumbu, kabla hujapanda gari piga simu uulize maneno haya haya: leo mnaziba au mnang'oa tu? taa inafanya kazi? bima yangu inalipia ziba ya aina gani? Utaokoa nauli.

Na wale bodaboda wanaosoma, mkianguka kipande cha jino kikaonekana, kiokoteni, kiwekeni kwenye maziwa au maji safi mje nacho, wakati mwingine kinagundishwa chenyewe. Jino likitoka zima na mzizi wake kwa mtu mzima, lishike juu kwenye kichwa sio kwenye mzizi, usilisugue, kama ni chafu lipitishe kwenye maji kidogo, lirudishe kwenye tundu lake au liweke kwenye maziwa na ukimbie, ndani ya nusu saa mpaka saa moja bado kuna matumaini ya kulipandikiza. Dogo kipande chake hatukukipata, tulikitafuta na tochi ya simu kwenye ule mchanga tukaambulia kioo cha saidi mira.

Wenye maswali waulize hapo chini, nitajibu ninachokijua na nisichokijua nitampelekea yule dokta. Ila picha za midomo msinitumie WhatsApp saa mbili usiku, jana nimetumiwa gego nikiwa na tonge mkononi.